Mteja Akisema "Sitaweza": Njia Nne za Kumsaidia, Zikiwekwa Bega kwa Bega

Chumba cha ushauri kina maneno mawili yanayofanana sura lakini hayana undugu: "sitaki" na "sitaweza". Wateja wenyewe huyachanganya. Mama mtu mzima atacheka akuambie, "Chumvi siwezi kuacha mie, mwanangu," kumbe bado hajaona sababu ya kuiacha. Kijana atakunja uso, "Sigara ni raha zangu," kumbe ameshajaribu kuacha mara tatu, zote tatu ameshindwa, na anaona heri umwone mkaidi kuliko umwone dhaifu. Ukimpa huyu dawa ya yule, asubuhi yenu imekwenda bure.

Ninafanya ushauri nasaha kwenye kliniki ya presha na sukari. Zamani nilikuwa na njia moja tu, ile niliyofundishwa: eleza madhara, toa maelekezo, andika tarehe ya kurudi. Siku hizi nachagua kati ya nne. Nazilinganisha hapa kwa ajili ya wenzangu wanaokalia kiti hicho hicho, wawe wauguzi, washauri au wahudumu wa afya ngazi ya jamii, na nitasema wazi ipi naitumia zaidi na ipi naona inasifiwa kupita kiasi.

Kabla ya kuchagua, hesabu vizibo

Kwenye droo yangu mna vizibo kumi vya soda. (Ndiyo, kliniki ya sukari. Wateja hucheka, na kicheko kinasaidia.) Navimwaga mezani, kisha nauliza maswali mawili. La kwanza: "Jambo hili lina uzito gani kwako? Kama halina uzito, usiweke hata kimoja. Kama ni kubwa kuliko yote, weka vyote." La pili: "Ukiamua kuanza kesho asubuhi, una uhakika kiasi gani kwamba utaweza?"

Vizibo ni mtindo wangu tu. Wengi huchora mstari wenye namba kuanzia 0 hadi 10, na maswali hayo mawili yanajulikana kwa washauri wa nchi nyingi. Nilihamia kwenye vizibo baada ya kuona wazee wakitaja namba yoyote ili niwaache. Mzee akipewa vizibo husogeza kimoja kimoja, anatulia, anarudisha kimoja, kama yuko kwenye bao.

Sasa tazama namba mbili unazozipata. Mwenye vitatu vya uzito na tisa vya uhakika ndiye yule wa "naacha hata leo nikitaka". Shida yake haiko kwenye kujiamini. Mwenye tisa vya uzito na vitatu vya uhakika ndiye anayejaza mabenchi yetu: anajua, anaogopa, pengine amemzika kaka yake kwa ugonjwa huo huo, lakini haoni mlango wa kutokea. Yupo pia mwenye vitatu kwa vitatu, ambaye mara nyingi ana jambo jingine zito nyumbani kuliko hili lako. Huyo muulize kwanza habari za nyumbani.

Njia ya kwanza: kueleza na kuonya

Njia hii inasemwa vibaya, hasa na waliotoka semina jana. Mimi siidharau. Kuna watu ambao kweli hawajui. Nilikuwa na mteja aliyejivunia kwamba ameacha chumvi kabisa, na mkewe alithibitisha. Ila kila sufuria ya mchuzi iliwekewa pakiti mbili za kiungo cha dukani, na hakuna aliyekuwa amemwambia kwamba kiungo kile kina chumvi nyingi. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asifikishe gramu 5 za chumvi kwa siku, kama kijiko kimoja cha chai, na hapo umeshajumlisha ya sufuriani, ya mezani, ya kwenye mkate na ya kwenye samaki wa ng'onda. Mtu wa namna hiyo anahitaji dakika tano za maelezo mazuri. Kumzungusha na maswali ya "unajisikiaje kuhusu chumvi" ni kumchosha.

Hata kwenye sigara, neno fupi la mtoa huduma, la dakika tatu, limeonekana katika tafiti nyingi kuongeza idadi ya wanaoacha. Inaongezeka kidogo, lakini inaongezeka, na dakika tatu kila mtu anazo.

Inapokwama ni kwa yule anayejua tayari. Haya ni mazungumzo yangu mwenyewe na mama mmoja wa makamo, anayepikia watu wanane nyumbani. Nayakumbuka kwa sababu nilitoka nikidhani nimefanya kazi:

— Mama, presha bado iko juu. 168 kwa 98. Chumvi umepunguza?

— Nimejaribu, mwanangu.

— Kujaribu hakutoshi. Unajua kiharusi? Unataka upooze upande mmoja?

— Hapana.

— Basi uanze leo. Chako upike pembeni, bila chumvi kabisa.

— Sawa, daktari.

Mimi si daktari, naye analijua hilo vizuri tu. Nimeanza na "mwanangu" nikamaliza na "daktari" ndani ya nusu dakika, na katika kupanda cheo huko ndiko nilikompoteza. "Sawa, daktari" maana yake ni "niruhusu niende zangu". Alikuja na uhakika wa vizibo vinne; ningempa vizibo wakati anatoka, nadhani angeweka viwili. Maonyo huongeza uzito wa jambo, na kwake uzito ulikuwa umeshajaa. Hayana cha kuongeza kwenye uhakika, isipokuwa hofu, na mwenye hofu bila njia hufumba macho.

Njia ya pili: mazungumzo ya kumwamsha

Kwenye miongozo inaitwa mahojiano ya kuhamasisha, jina ambalo sijalipenda, maana "mahojiano" kwetu yanakumbusha kituo cha polisi. Asili yake ni William R. Miller, mwanasaikolojia wa Marekani aliyeandika makala yake ya kwanza kuhusu njia hii mwaka 1983, kutokana na kazi yake na watu walioshindwa na pombe na mazungumzo aliyokuwa nayo na wanasaikolojia wenzake huko Norwei. Baadaye aliungana na Stephen Rollnick, na kitabu chao kikatoka mwaka 1991. Kiini chake ni hiki: ukimsukuma mtu mwenye nia mbili upande mmoja, yeye atautetea upande wa pili, na kadiri anavyoutetea ndivyo anavyouamini. Basi muache yeye ndiye aseme sababu za kubadilika. Wewe uliza, sikiliza, mrudishie alichosema.

Mama yule yule, mwezi uliofuata:

— Mama, kwenye uhakika umeweka vizibo vinne. Mbona vinne, hukuweka kimoja?

— (Anacheka.) Kimoja hapana bwana. Si Ramadhani nilipunguza?

— Ulipunguza? Ilikuwaje?

— Mtu umefunga, huonji. Nikawa naogopa kuzidisha, naweka kidogo. Anayetaka anaongeza mwenyewe mezani.

— Na walikula?

— Walikula! Baba yao alinung'unika siku mbili tatu, akazoea.

— Kwa hiyo umepikia watu wanane kwa chumvi kidogo mwezi mzima.

— (Kimya.) Eeh. Kumbe nimeshafanya.

Angalia swali lilivyokaa. Ningeuliza "mbona vinne tu, si nane?", angenitajia kila sababu ya kushindwa kwake, na angeondoka ameshindwa zaidi. Nilipouliza kwa nini si kimoja, alilazimika kwenda kutafuta ushahidi kwamba anaweza, akaukuta jikoni kwake. Mimi nisingeupata hata kwa semina kumi, kwa sababu sikuwa nimewahi kufikiri kwamba mpishi aliyefunga haonji. Swali linalofuata ni "kingehitajika nini vinne hivi viwe vitano?" Vitano, siyo kumi. Hapo ndipo mazungumzo yanapogeuka kuwa mpango.

Hii ndiyo njia inayotumika sana kwenye mafunzo siku hizi, na inastahili. Lakini nina manung'uniko matatu.

Kwanza, haifundishiki kwa siku moja. Watu wanarudi na cheti na maswali mawili ya kukariri, wakiyauliza kwa sauti ile ile ya kuonya. Mteja husikia sauti kabla ya maneno.

Pili, umri. Mzee wa miaka 70 amepanda bajaji kuja kwako akitarajia kuambiwa. Ukianza kumuuliza "wewe unaonaje?", anaona ama hujui kazi ama unamtahini. "Si wewe ndiye umesoma? Niambie." Nimejifunza kuomba njia kwanza: "Shikamoo mzee. Mimi nina machache niliyosomea, lakini mwili ni wako na nyumba ni yako, nayo unaijua kunishinda. Ukiniruhusu, nikuulize mambo mawili, halafu nikueleze nijuayo." Akiruhusu, ninauliza, ninaeleza, kisha nauliza tena ameipokeaje. Heshima imebaki mahali pake na mazungumzo yamekwenda.

Tatu, na hili ndilo kubwa, ina uvivu wake. Mshauri anaweza kukaa na mteja miezi sita wakizungumza vizuri, machozi yakitoka, uhusiano ukinawiri, na hakuna kilichobadilika nyumbani. Mwenye tisa vya uzito hahitaji kuendelea kutaja sababu. Anahitaji kitu cha kufanya Jumatatu.

Njia ya tatu: hatua ndogo zenye tarehe

Mwaka 1977 Albert Bandura, mzaliwa wa Kanada aliyefundisha Chuo Kikuu cha Stanford, aliandika kwamba imani ya mtu kuwa ataweza jambo huchota kwenye visima vinne: alichokwisha kukifanya mwenyewe, alichoona mtu kama yeye akikifanya, maneno ya kutiwa moyo, na hali ya mwili wake, yaani moyo kwenda mbio, jasho, uchovu. Cha kwanza ndicho chenye maji mengi. Maneno ni kisima kifupi.

Majaribio yake mengine aliyafanya kwa watu wenye hofu kubwa ya nyoka. Hakuwahutubia kwamba nyoka yule hana sumu. Mtu alisogezwa kidogo kidogo hadi kumgusa, kisha kumshika mwenyewe. Walioshika walipata kujiamini kuliko waliokaa kuangalia wengine wakishika. Kila nikisoma habari hiyo namkumbuka mama yangu na nyoka wa kwenye matofali ya ujenzi, lakini hayo ni ya siku nyingine.

Kutoka Stanford hiyo hiyo, Kate Lorig na wenzake walitengeneza mafunzo ya watu wenye magonjwa ya kudumu kujisimamia wenyewe: wiki sita, kikao kimoja kila wiki, cha saa mbili na nusu. Kila mmoja hutoka na mpango unaojibu maswali manne: nitafanya nini, kiasi gani, lini, siku ngapi kwa wiki. Kisha anaulizwa uhakika wake. Ikiwa chini ya 7, mpango unarudishwa mezani na kupunguzwa.

Kanuni hiyo ya 7 imebadilisha kazi yangu kuliko kitu kingine chochote. Zamani mteja akisema "tano", nilikuwa namtia moyo: "Utaweza bwana, jiamini!" Nilikuwa najaribu kumpandisha mtu. Sasa nashusha ngazi. Dakika 30 za kutembea zina vizibo vitano? Dakika 15 je? Sita. Kuteremka kituo kimoja kabla ya cha nyumbani, Jumanne na Alhamisi? Nane. Basi ni hicho. Wenzangu hunicheka kwamba vituo viwili kwa wiki havishushi sukari. Kweli havishushi. Lakini wiki ijayo mtu huyo atakuja amefanya alichosema, jambo ambalo pengine halijamtokea tangu alipoambiwa ana sukari.

Mpango huu unapata meno ukiufunga kwenye tukio. Peter Gollwitzer, mwanasaikolojia wa Ujerumani, alionyesha kwenye makala ya mwaka 1999 kwamba watu wanaopanga kwa mtindo wa "likitokea hili, nitafanya lile" hutekeleza zaidi kuliko wenye nia tu. Dereva mmoja wa bajaji aliniambia tatizo lake si sigara zote. Ni ile ya baada ya chai ya asubuhi kijiweni, kwa sababu dirisha la duka liko hatua tatu na kiberiti cha gesi kimening'inizwa pale kwa kamba, huna hata haja ya kumiliki chako. Mpango wake haukusema "nitaacha sigara". Ulisema: "Nikimeza funda la mwisho la chai, nasuuza kikombe, nawasha bajaji." Alichagua neno hilo mwenyewe, kuwasha bajaji badala ya kuwasha sigara, akalifurahia kama mtoto.

Na tafadhali acheni kuwaambia wateja kwamba mazoea mapya hujengeka kwa siku 21. Utafiti uliofanywa London na Philippa Lally na wenzake, uliochapishwa mwaka 2010, ulikuta kwamba jambo jipya la kila siku huanza kufanyika bila kufikiria baada ya siku kama 66 kwa mtu wa katikati, na tofauti kati ya watu ni kubwa mno, kuanzia 18 hadi 254. Mteja uliyemwambia 21 akifika siku ya 22 na bado anapambana, atajiona ameharibika.

Njia hii nayo ina pa kukwama. Kwa mwenye vitatu vya uzito, mpango ni wa kukufurahisha wewe. Atauandika, atausaini, ataufungia maandazi. Kwa mwenye kipato cha kubahatisha, mpango wowote unaotegemea kununua kitu utakufa tarehe 20. Na kuna uhakika mdogo ambao haumo kichwani mwa mteja hata kidogo. Umo kwenye nyumba. Mke kijana anayepika chini ya macho ya mama mkwe akiweka vizibo viwili, anasema ukweli mtupu kuhusu jiko lile. Hapo usifanye kazi ya kumjaza kujiamini. Mwombe aje na mama mkwe.

Onyo moja lisilo la majadiliano: anayekunywa pombe nyingi kila siku usimpangie kuacha ghafla nyumbani, hata akiweka vizibo kumi. Anaweza kupata degedege na kuchanganyikiwa, na watu hufa. Mpeleke kwanza kwa daktari.

Njia ya nne: mtu aliyepita hapo hapo

Hiki ni kisima cha pili cha Bandura. Mwaka 1935, katika mji wa Akron, jimbo la Ohio, walevi wawili, mmoja mtu wa biashara ya hisa na mwingine daktari wa upasuaji, waligundua kwamba kuzungumza wao kwa wao kuliwazuia kunywa kuliko walivyowahi kuzuiwa na wataalamu. Ndiyo mwanzo wa Alcoholics Anonymous. Kwetu mfano ulio karibu ni waelimishaji rika kwenye kliniki za VVU, na soba hausi za Zanzibar, yaani nyumba za wanaoacha dawa za kulevya, ambako anayekupokea ni mtu aliyewahi kulala kwenye kijiwe kama chako.

Zimbabwe wana namna yao. Mwaka 2006, Mbare, Harare, daktari wa akili Dixon Chibanda alianza kuwafundisha bibi wa mtaani kukaa na watu kwenye benchi nje ya zahanati, kusikiliza, na kumsaidia mtu achague tatizo moja la kuanzia. Utafiti uliotoka mwaka 2016 ulionyesha waliokaa na bibi hao walikuwa na dalili chache za msongo baada ya miezi sita kuliko waliopata huduma ya kawaida. Bibi si lazima awe amepitia shida yako, lakini ni wa mtaa wako, na ana muda.

Ubora wa njia hii upo kwenye kufanana. Niliwahi kukosea hapo. Nilimwalika kwenye kikundi chetu mstaafu mmoja aliyepunguza uzito sana, anayekimbia kila alfajiri, mwenye raba nyeupe. Alizungumza vizuri. Watu walimpigia makofi, na vizibo vikapungua. Wiki mbili baadaye nilimleta mama anayeuza mihogo, aliyepunguza soda kutoka tatu kwa siku hadi moja, na ambaye alikiri kwamba siku ya joto kali bado hunywa mbili. Hakuna aliyepiga makofi. Waliuliza maswali dakika arobaini.

Kasoro zake nazipitia haraka: siri kwenye mji mdogo ni ngumu kuitunza, kikundi kinahitaji mtu wa kukishika, na aliyeacha kwa njia fulani huelekea kuamini kuwa hakuna nyingine.

Nianze na ipi?

Kama mteja hajui, eleza, na ueleze vizuri. Kama anajua lakini uzito uko chini, mazungumzo ya kumwamsha, bila haraka, na usilete karatasi ya mpango hata kama fomu inadai. Kama uzito uko juu na uhakika chini, uliza kwanza "mbona si kimoja?", upate ushahidi wa zamani, kisha ingia kwenye hatua ndogo siku hiyo hiyo. Kama hana ushahidi wowote, hajawahi kuona hata mtu mmoja wa aina yake akifanikiwa, mtafutie huyo mtu kabla ya mpango. Na kama una dakika nane tu na foleni inafika getini, ambayo ndiyo hali ya wengi wetu, fanya swali moja la vizibo na hatua moja ndogo, basi.

Ukinibana nitaje moja, nitataja ya tatu, ikifunguliwa kwa maswali ya ile ya pili. Ya pili peke yake naona inasifiwa kupita kiasi na watu ambao hawana foleni.

Ila njia hizi zinaachana kabisa siku mteja akiteleza. Aliyeonywa akiteleza haji; utamwona baada ya miezi minne, akiletwa. Aliyezungumza nawe kwa kusikilizwa atakuja na atakuambia. Mwenye mpango mdogo atakuja na kitu cha kutazamwa: hatua ilikuwa kubwa mno, au tukio halikutokea, au mgeni alikuja. Mnarekebisha karatasi, yeye mmemwacha mzima. Na mwenye mwenzake wa kikundi huwa amekwisha kumpigia simu jana yake usiku. Kwa hiyo, njia yoyote utakayochagua, siku ya kwanza kabisa muulize mteja: "Ukiteleza, utamwambia nani kwanza?" Asipokuwa na jibu, hapo pana kazi kabla ya chumvi na sigara.

Yule mama wa Ramadhani alirudi mara ya tatu, 152 kwa 90, bado juu. Chumvi ya sufuriani alikuwa amepunguza nusu, na kijichupa cha mezani amekihamishia kabatini, ili anayetaka anyanyuke. Kabla sijauliza alivuta droo mwenyewe, akahesabu vizibo nane mezani, akavitazama, akakirudisha kimoja kwenye droo.

— Hicho vipi, mama?

— Hicho ni cha Idi. Pilau ya watu arobaini, na mpishi si mimi.

Nikachukua kalamu, tukaanza kuipanga Idi.